Kabla ya Kuomba Nguvu

Katika sala zetu za pamoja, neno "nguvu" halikosekani. Tunaomba nguvu za kuhudumu, nguvu za kusimama wakati wa majaribu, nguvu za Roho Mtakatifu. Tukiwaombea vijana, tunaomba wainuliwe. Tukiwabariki wazee wa kanisa wapya, tunaomba waongezewe. Ni sala njema, kwa maana Bwana mwenyewe aliwaahidi wanafunzi wake nguvu kabla ya kupaa kwake (Matendo 1:8). Lakini ipo sala nyingine ambayo ni nadra kuisikia ikitamkwa kwa sauti kanisani. Ni ile iliyo mwishoni mwa Zaburi ya 139, ambapo mwimbaji anamwomba Mungu amchunguze, aujue moyo wake, na aone kama ndani yake imo njia mbaya. Wengi tunaomba kuongezewa. Wachache tunaomba kukaguliwa.

Kutokana na hilo linazaliwa swali gumu, nalo tunataka kulitafakari pamoja. Je, ni haki kumchunguza mtu ambaye hajakosa? Anahudumu vizuri, hakuna anayemlalamikia, na sasa tunataka kumkabidhi mzigo mkubwa zaidi. Tukitafuta kama ndani yake upo udhaifu uliojificha, tunampenda au tunamhukumu?

Wapo kati yetu wanaojibu kwamba upendo hufunika makosa, kama Petro anavyofundisha (1 Petro 4:8), na kwamba kumtafutia mtu kasoro ni kazi ya yule mshitaki, si kazi ya kanisa. Wapo pia wanaojibu kwa maneno ya Paulo kwa Timotheo, kwamba mashemasi wajaribiwe kwanza, ndipo wapewe huduma (1 Timotheo 3:10). Pande zote mbili zinasimama juu ya Maandiko, na pande zote mbili zimewahi kuumiza watu. Tumeona mtu akikabidhiwa hazina ya kanisa kwa sababu ana sauti nzuri na sala ndefu, na baada ya miaka michache fedha ya kuezeka haionekani, na yeye mwenyewe ameharibikiwa nyumba na imani. Tumeona pia uchunguzi ukigeuka uvumi, hadi mtu mwaminifu akafunga virago akahamia kwingine, na watoto wake wasitake tena kusikia habari za kanisa.

Ili tulione swali hili vizuri, tunaomba ndugu msomaji atuvumilie tukimpeleka mbali kidogo, kwenye gereji za Marekani ambako mafundi huzifufua injini za zamani na kuziongezea nguvu. Tunawachagua hao kwa sababu kila wanapoanza kazi wanakutana na swali letu: je, nitafute ufa katika chuma ambacho bado hakijavuja?

Injini iliyopendwa

Kwetu, neno V8 hutukumbusha magari makubwa ya viongozi. Maana yake ni silinda nane zilizopangwa safu mbili, nne kila upande, zikikutana chini kama herufi V. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilianza kuuza gari lenye injini ya namna hiyo kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuimudu. Bloku yake, yaani mwili wenyewe wa injini, ilisubiwa kwa chuma kama kipande kimoja. Wakati ule jambo hilo lilikuwa gumu, na wengi walidhani haliwezekani kwa injini ya kuuzwa kwa wingi. Ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65. Kwa kuwa valvu zake zilikaa ndani ya bloku, ubavuni mwa silinda, hedi iliyofunika juu ilikuwa bapa kama kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana watu waliiita injini ya hedi bapa. Huko Marekani iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1953.

Vijana wa California waliipenda mno. Walinunua gari kuukuu la Ford, wakang'oa matairi ya akiba, mabawa ya juu ya magurudumu na kila kilichokuwa mzigo, kisha wakaifanyia injini kazi usiku na mchana ili ikimbie kuliko kiwanda kilivyokusudia. Gari la namna hiyo huitwa hotrodi. Siku za mapumziko waliyapeleka katika jangwa la Mojave, kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare na ngumu. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda chama cha kupima mwendo, Southern California Timing Association. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana waliorudi kutoka jeshini wakauongeza mwendo huo, na mwaka 1949 chama hicho kikaanza kukimbiza magari pia kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, katika jimbo la Utah.

Kazi ya kuiongezea nguvu injini hiyo ina hatua nyingi. Silinda huchongwa ziwe pana zaidi, kwa mfano kutoka milimita 81 hadi 84. Huwekwa krenkshafti ya gari la Mercury la miaka ya 1949 hadi 1953, ambayo huifanya pistoni isafiri milimita 102 badala ya 95. Kwa mabadiliko hayo mawili tu, injini ya lita 3.9 hufikia karibu lita 4.5. Kisha huongezwa kabureta mbili au tatu, hedi za alumini zinazoukandamiza zaidi mchanganyiko wa hewa na petroli, na kamshafti inayofungua valvu kwa muda mrefu zaidi. Fundi hodari aliweza kupata mara mbili ya nguvu iliyotoka kiwandani.

Hadi leo wapo wanaofanya kazi hiyo, ingawa bloku zenyewe zina umri wa miaka 70 au 90. Wengine wamezirithi kwa baba zao, wengine wamezikuta zimelala ghalani chini ya vumbi. Na mtu anapoileta bloku ya namna hiyo gereji, moyo wake umeshafika mbali. Ameshaiona hotrodi imekamilika, ameshausikia mlio wake. Anataka kuzungumza habari za kabureta na rangi.

Fundi mzuri hazungumzi kabureta siku hiyo. Anauliza kama bloku ina ufa.

Ufa unatoka wapi

Kabla ya kusema jinsi unavyotafutwa, tuseme kwanza unatoka wapi, maana hapa pana somo ambalo sisi wa kanisani tunalikosa mara kwa mara.

Injini ya hedi bapa ilikuwa na tabia ya kuchemsha. Sababu ilikuwa katika umbo lake. Katika injini nyingi za leo, moshi wa moto hutoka silindani kwa njia fupi na kuondoka. Katika injini hii, moshi ulipita ndani ya bloku yenyewe, katikati ya maji ya kupoza, kabla ya kutokea ubavuni. Isitoshe, kila upande wenye silinda nne ulikuwa na matundu matatu tu ya kutolea moshi, kwa hiyo silinda mbili za katikati zilitumia tundu moja. Hapo joto lilikusanyika. Ongeza rejeta iliyoziba, ongeza dereva aliyeendelea kuendesha huku mvuke unatoka, au maji yaliyoachwa yagande wakati wa baridi kali, na chuma kilianza kupasuka polepole. Mara nyingi ufa ulitokea kati ya kiti cha valvu na ukuta wa silinda, au ulianzia kwenye tundu la bolti ya hedi ukaelekea penye maji.

Basi ufa haukuja kwa sababu chuma kilikuwa kibaya. Chuma kilikuwa kizuri. Ulikuja kwa sababu moto mwingi ulipitishwa mahali pamoja kwa muda mrefu, na hakuna aliyeangalia maji.

Tukiangalia makanisani mwetu, tutayaona matundu hayo ya katikati. Ni yule mama anayefundisha watoto wa Jumapili, ni kiongozi wa kwaya, ni katibu wa kamati ya ujenzi, na msiba ukitokea ndiye anayeshika daftari la michango. Ni mchungaji mwenye mitaa mingi kuliko miguu yake, ambaye kila familia inamletea huzuni yake na hakuna anayemuuliza habari za huzuni yake mwenyewe. Tunapitisha moto wa watu wengi ndani ya mtu mmoja kwa sababu hajakataa. Siku akipasuka tunashangaa, tena tunasema, "Kumbe alikuwa hivi." Hakuwa hivi. Tulimchemsha.

Yethro aliliona jambo hilo siku moja tu baada ya kumtembelea mkwewe. Alimkuta Musa ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu, akamwambia kwamba hilo si jambo jema, kwamba atajichosha yeye na watu pamoja naye (Kutoka 18). Tuangalie kwamba Yethro hakumtuhumu Musa dhambi yoyote. Alikagua mzigo. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa swali letu ni hili: uchunguzi wa haki hauanzi kwa kumshuku mtu. Unaanza kwa kuuliza tumempitishia moto kiasi gani, na ni nani anayeyaangalia maji yake.

Jinsi unavyotafutwa

Bloku huvuliwa kila kitu, kisha huoshwa kwa dawa kali ya moto hadi masizi, kutu na rangi vimetoka. Uchafu huficha ufa. Baada ya hapo fundi huweka sumaku kwenye chuma na kunyunyizia unga mwepesi wa chuma. Panapokuwa pazima, unga haushiki kwa namna ya pekee. Penye ufa, nguvu ya sumaku huvuja, na unga hukusanyika hapo na kuchora mstari. Jicho halikuuona, sasa linauona. Wengine huziba njia za maji, wakajaza hewa kwa shinikizo na kutazama mapovu yanatokea wapi. Wengine hupima unene wa ukuta wa silinda kwa sauti isiyosikika na sikio, maana huwezi kupanua silinda ambayo ukuta wake umeshakuwa mwembamba.

Katika kazi hiyo yapo mambo manne ambayo tunaweza kujifunza.

Kwanza, kila bloku hupimwa, hata ile inayong'aa. Fundi hasemi, "Hii imetoka kwa mtu mashuhuri, tuiache," wala hasemi, "Hii imetoka jalalani, lazima ni mbovu." Kwa kuwa wote wanapimwa, hakuna anayeaibishwa kwa kupimwa. Kanisani aibu huja pale tunapokagua hesabu za mtu mmoja tu, yule ambaye tayari tumemsikia akisemwa. Ukaguzi ungekuwa desturi ya kila mwaka kwa kila mweka hazina, hakuna ambaye angeulizwa nyumbani, "Umefanya nini?"

Pili, kipimo huonyesha kilichopo; hakitengenezi kisichokuwepo. Unga wa chuma hausikilizi maneno ya majirani. Uvumi, kwa upande mwingine, huchora mistari mahali pazima. Tukisema tunampima mtu, tuseme tunampima kwa nini: kwa vitabu vya fedha, kwa maswali aliyoulizwa uso kwa uso, kwa watu waliofanya kazi naye. Yasiyoweza kuletwa mbele yake mwenyewe si kipimo.

Tatu, hupimwa kabla ya gharama na kabla ya mzigo. Hakuna anayenunua pistoni mpya na kuchonga silinda ndipo atafute ufa. Paulo anamwonya Timotheo asiwe na haraka ya kumwekea mtu mikono (1 Timotheo 5:22). Haraka hiyo tunayo. Nafasi ikiwa wazi Jumapili hii, tunataka jina Jumapili ijayo.

Nne, na hili ndilo kubwa, fundi hutafuta ufa kwa sababu anataka kuitumia bloku. Kama angetaka kuitupa, asingejisumbua kuiosha. Hapa ndipo penye mpaka kati ya uchunguzi wa upendo na uchunguzi wa mshitaki. Wote wawili wanaweza kuuliza maswali yaleyale. Lakini mmoja anauliza ili ajue atakavyokusimamisha, na mwingine anauliza ili apate sababu ya kukuangusha. Ndugu, kabla hatujamkagua mtu, tujiulize: tukikuta ufa, tutasikitika au tutafurahi? Kama kuna hata tone la furaha, tuweke sumaku chini kwanza, tuitoe boriti iliyo katika jicho letu (Mathayo 7:3-5).

Baada ya ufa kuonekana

Mtu asiyejua hudhani ufa ukionekana, mambo yamekwisha. Sivyo. Fundi hutazama upo wapi na unaelekea wapi. Ufa mwingine unaweza kushonwa: hutobolewa matundu yanayofuatana, huingizwa pini za chuma zenye nyuzi, kila moja ikiuma kidogo ubavu wa mwenzake, hadi mstari wote umeshikwa. Mwingine huchomelewa. Lakini chuma cha kusubu hakichomelewi kwa pupa. Bloku yote lazima ipashwe moto taratibu kwanza, na ikishachomelewa iachwe ipoe taratibu. Anayechoma mahali pamoja huku kwingine kukiwa baridi ataongeza nyufa badala ya kuziba.

Wangapi wamevunjwa na kanisa lililotaka kuwatengeneza! Mtu amekosa, anaitwa ghafla mbele ya watu wote, anachomwa kwa maneno, kisha anaachwa peke yake kwenye baridi, hakuna anayemsalimu. Bwana alituagiza tuanze tukiwa wawili tu, wewe na yeye (Mathayo 18:15). Paulo anasema arejezwe kwa upole, na anayemrejeza ajiangalie nafsi yake (Wagalatia 6:1). Kupasha taratibu na kupoza taratibu si kulegeza sheria. Ndiyo njia pekee ambayo kovu litashika.

Bloku nyingine hutengenezeka lakini haitafaa tena mashindano. Itabeba familia barabarani kwa mwendo wa kawaida kwa miaka mingi, na hakuna aibu katika hilo. Vivyo hivyo, mtu ambaye fedha humshinda anaweza kuwa mwalimu mzuri wa Neno, na mtu ambaye hasira humshinda katika vikao anaweza kuwa na mikono ya huruma kwa wagonjwa. Kumwondoa mahali patakapomvunja si kumtupa. Wakati mwingine ndiyo huruma kubwa kuliko zote, ingawa siku ya kwanza atatuchukia.

Na ipo bloku ambayo imepasuka mahali ambapo hakuna pini itakayoshika. Hapo fundi ana jambo gumu la kusema kwa mtu aliyeirithi kwa baba yake. Angeweza kunyamaza, akachukua fedha, akaifunga, ikatoka gereji ikinguruma vizuri. Lakini injini ikipasuka kwa mwendo mkali, haipasuki peke yake. Konrodi ikikatika inaweza kutoboa ukuta wa bloku na kutoka nje, oili humwagika mbele ya magurudumu, na ndani ya gari yumo mtu. Kunyamaza kwa fundi kungeitwa upole siku ile. Siku ya ajali kungeitwa jina jingine.

Hapa tunagusa kilicho hatarini katika swali letu. Kiongozi akivunjika, wanaolipa si yeye peke yake. Kuna mjane aliyetoa sarafu zake kwa ajili ya bati. Kuna binti aliyemwamini mlezi wake katika kikundi cha vijana. Kuna kijana aliyeanza kusali kwa sababu ya mtu mmoja, akaacha kusali kwa sababu ya mtu huyohuyo. Tunaposema "upendo hufunika," tuwakumbuke hao pia. Petro alizungumza habari za kusameheana. Hakusema tumfunike mtu ufa wake, kisha tumpe watoto wetu awabebe.

Mtu si chuma

Sasa tusikie pingamizi, maana ni la haki. Mtu si bloku. Chuma hakitubu wala hakikui, na thamani yake ni kazi kinayoweza kufanya. Mwanadamu ana thamani hata asipoweza kubeba chochote. Isitoshe, Mungu mwenyewe hakuonekana kungoja watu wasio na ufa. Alimwita Musa aliyekuwa ameua mtu, alimpaka mafuta Daudi akijua yatakayotokea, na alimwambia Paulo kwamba uweza wake hukamilika katika udhaifu (2 Wakorintho 12:9). Kama tungewapima hao kwa sumaku, tungebaki na nani?

Tunakubali pingamizi hili, na linatuzuia tusidai ukamilifu. Hakuna hata mmoja wetu ambaye unga hautakusanyika mahali fulani. Lakini tutazame Mungu alivyowafanyia watu hao. Hakujifanya haoni. Paulo aliufahamu mwiba wake, akautaja. Daudi aliletewa Nathani.

Na tutazame hasa Bwana alivyomfanyia Petro. Usiku ule mezani, Petro alikuwa bado hajakana. Alikuwa imara, anaahidi kwenda gerezani na hata kufa. Hapo ndipo Yesu alipomwambia ufa wake upo wapi, na kwamba utafunguka kabla jogoo hajawika. Lakini kabla ya kumwambia hilo, alimwambia kwamba amemwombea ili imani yake isitindike, tena akamwekea kazi ya baadaye, kwamba akisharudi awaimarishe ndugu zake (Luka 22:31-34). Baada ya kufufuka hakumkabidhi kondoo kimyakimya kana kwamba hakuna lililotokea. Alimuuliza mara tatu kama anampenda, hadi Petro akahuzunika, na baada ya kila jibu akampa kazi (Yohana 21:15-17).

Basi Bwana alimchunguza mtu ambaye hajakosa bado. Alifanya hivyo kwa kumwombea kwanza, kwa kumweleza yeye mwenyewe, na kwa kumtengea kazi upande wa pili wa anguko. Huo ndio mfano wetu. Tukiwa hatujamwombea mtu, hatujastahili kumkagua. Na tukiwa hatuna mpango naye baada ya ukaguzi, tumefanya upekuzi tu.

Mzigo mdogo kwanza

Injini ikishafungwa upya haipelekwi mashindanoni siku hiyo. Bolti za hedi hukazwa kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, na baada ya injini kupata moto na kupoa hukaguliwa tena. Kamshafti mpya huzoeshwa kwa kuiendesha injini kwenye mizunguko takriban 2,000 kwa dakika, kwa dakika 20 hivi, huku fundi akisimama karibu na kutazama joto na oili. Kisha oili hiyo humwagwa, maana imebeba chembe za chuma. Halafu zinafuata safari fupi. Mwendo mkubwa huja mwisho.

Aliye mwaminifu katika lililo dogo, ndiye atakayeaminiwa kwa lililo kubwa. Bwana alilifundisha hilo (Luka 16:10). Katika maisha ya usharika maana yake si ngumu. Mzee mpya afanye kazi mwaka wa kwanza pamoja na mzee aliyezoea. Fedha ihesabiwe na watu wawili au watatu, na isitoke benki kwa saini ya mtu mmoja. Paulo, mtume, aliposafirisha mchango wa makanisa hakutaka kuubeba peke yake. Aliandamana na ndugu waliochaguliwa ili asilaumiwe na mtu yeyote (2 Wakorintho 8:19-21). Kama Paulo hakuona aibu kukaguliwa, nasi tusione. Kila mwenye huduma nzito awe na mtu mmoja anayeruhusiwa kumuuliza, "Unalalaje? Nyumbani mko salama?" Na muda wa huduma uwe na mwisho, ili chuma kipoe.

Kule kwenye maziwa makavu na kwenye chumvi ya Bonneville, hakuna gari linaloruhusiwa kukimbia kabla ya wakaguzi kulipitia. Awe dereva mgeni au mwenye rekodi, anapanga foleni. Chama kingine kilichoanzishwa mwaka 1951, National Hot Rod Association, kilijitahidi kuwatoa vijana katika mbio za mitaani na kuwapeleka kwenye viwanja vyenye sheria na ukaguzi. Vijana hao walipenda mwendo kuliko sisi tunavyopenda vyeo. Lakini walijifunza, wengine baada ya kuzika wenzao, kwamba anayekukagua kabla hujaondoka si adui wa mwendo wako.

Basi tukirudi Jumapili kuomba nguvu, tusiiache sala hiyo. Tuitangulize tu na ile nyingine. Tumwombe Mungu atuchunguze kabla ya kutuongezea, na atupe ndugu wawili au watatu ambao tutawaruhusu kufanya hivyo kwa niaba yake. Akituonyesha ufa, tusiukimbie. Ametuonyesha tukiwa bado mikononi mwake, kabla hajatuweka barabarani tukiwa tumewabeba wengine.